Vanila Mkononi mwa Mpiga Pasi

Mke wangu anapiga pasi katika duka la dobi lililo nyuma ya benki. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, na sijaona mtu mwingine anayeipenda kama yeye. Wenzake hupima moto wa pasi kwa kuidondoshea maji. Yeye huisogeza karibu na kifundo cha mkono, anafikiri kidogo, kisha anasema, "Bado," au, "Hii itaunguza hariri." Wateja wamempa jina la Mama Mikunjo, ingawa kazi yake ni kuiondoa. Ana sauti kubwa, kicheko hakiko mbali, na akikasirika hukunja mikono kwanza ndipo aseme. Mimi ni fundi viatu, na si mtu wa maneno. Watu wakituona njiani pamoja hudhani ananisindikiza kwa daktari.

Miaka yote alirudi nyumbani na harufu ya sabuni na nguo iliyopata moto. Niliizoea mpaka nikaacha kuisikia. Halafu jioni moja aliinama kuweka sufuria mezani, nikasikia nyingine. Yalitangulia maua, mengi kwa pamoja, kama bustani iliyotoka kumwagiliwa. Nyuma yake ikaja vanila, tamu na nzito, kama keki inayoiva kwa jirani ambaye hatakualika.

Nilitaka kumuuliza amepaka nini. Nikamuuliza kama kuna chumvi.

Tangu hapo harufu ile ikawa inabadilika. Leo maua yamezidi, kesho vanila imetawala mpaka mto wa kulalia unanukia utamu. Alikuwa akijilalia zake usingizi mzito, mimi macho kwenye dari, nanusa mafuta ambayo sikuyanunua. Kazini akili ikaniruka. Nilibandika soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, na mwenye kiatu akakigeuza-geuza akasema, "Fundi, mguu wangu umehamia upande gani?"

Ndipo nikasikia kwamba jirani na dobi amefungua duka bwana mmoja anayechanganya mafuta ya kunukia. Wanamwita Chupa, kwa sababu hakosi kichupa vidoleni. Nilimwona kwa mbali. Mrefu, kucha safi. Nikatazama zangu zilizojaa gundi na rangi ya viatu, nikazificha mfukoni.

Siku ya tatu ya kumpita mlangoni nikaingia. Mlikuwa na dada mmoja anachagua marashi. Nikasema nataka yenye maua na vanila. Chupa akachovya kijiti cha kioo, akanigusa nacho mkononi. Nikanusa. Ngozi, gundi, na kitu kama maziwa yaliyolala.

"Siyo hii," nikasema.

"Ndiyo hiyo hiyo, kaka."

"Ile maua yanatangulia. Vanila inakuja ukiwa umeshaisahau."

Chupa akaweka kijiti chini. "Umeisikia wapi? Ile sijaiuza bado. Ipo kwenye mkono wa mtu mmoja tu."

Yule dada akaguna. "Makubwa haya."

"Kumbe ndiye wewe," Chupa akasema, akacheka. "Karibu, shemeji."

Shemeji. Mtu simjui baba wala mama, ananiita shemeji mbele za watu.

Akanieleza bila kuulizwa. Mafuta yanataka ngozi yenye joto ili yafunguke. Mkono wa mtu anayeshinda na pasi una joto muda wote, kwa hiyo yale yanayochelewa mpaka jioni kwa wengine, kwa mke wangu hutoka mapema, ndiyo maana humjaribishia yeye. "Halafu ana pua yule. Na ana maneno. Nikikosea ananieleza mpaka najiona mjinga."

Nilishukuru, nikatoka, nikajigonga bega mlangoni. Maelezo yake hayakuniponya. Kabla yake nilikuwa nawaza tu. Sasa nilikuwa naona kijiti kile, mkono ule umenyooshwa, na mke wangu anaongea.

Jioni habari ilikuwa imeshafika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta amekunja mikono.

"Ulikwenda kunichunguza."

"Nilikwenda kununua marashi."

"Ya nani?"

Nikainama kuvua viatu.

"Baba watoto, mimi sikukuficha kitu. Nimekaa na harufu mbele ya pua yako siku zote hizi, unaniuliza chumvi."

"Anakushika mkono?"

"Ananishika. Hata muuza bangili hunishika."

"Muuza bangili humwelezi kitu."

Akakunjua mikono. "Kumbe kinachokuuma ni maneno."

Njia nzima nilikuwa nimeandaa neno moja: aache. Lilikuwa mdomoni. Lakini nilijua nikilisema ataacha kweli, na atakuwa anarudi na harufu ya sabuni, amenyamaza. Nikamuuliza, "Huwa unamwambia nini?"

Akadhani natania. Alipoona sitanii akavuta kiti, akaniwekea mkono wake chini ya pua.

"Mwanzoni nilimwambia haya maua yana pupa. Yanataka yaonekane yote kwa mara moja. Nilimwambia apunguze, akapunguza. Halafu yanachoka, vanila inapanda taratibu, kama mtoto anayekulalia mgongoni. Unausikia uzito wake, lakini hutaki kumshusha."

Aliongea sana. Sikujua ana maneno kama hayo. Kila lililonifikia nilikumbuka kwamba Chupa amelipata kwanza, likiwa bado la moto, na likanichoma kama msumari uliopenya soli.

"Na mafuta mengine anakupaka lini?"

"Kesho. Anasema ameongeza vanila."

"Basi akikupaka, usimwambie kitu mpaka uje hapa."

"Na yeye je? Anangoja majibu, ana kazi yake."

"Angoje."

Akanikazia macho, akaona kwamba sirudi nyuma. Akautoa mkono wake chini ya pua yangu, akaunusa mwenyewe.

"Haya," akasema. "Atangoja."