Siku Niliyofagia Makaburi ya Tongoni

Mkitaka kunicheka nichekeni, aibu niliyoipata Tongoni ikinijia hata leo nakunja uso peke yangu, lakini kosa si langu lote, na Salimu akikana mwiteni hapa tuonane ana kwa ana.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Pongwe, na Salimu, karani mwenzangu, akanialika kwao Tongoni Jumapili moja nikauone msikiti wa kale na makaburi yake yenye nguzo. Mimi Msambaa tena Mlutheri, nikataka kwenda kwa adabu, basi nikamwuliza kila kitu, naye akaniambia vua viatu, vua kofia, usipige mluzi, usikanyage kaburi. (Manne hayo, maana la tano, lililo kubwa kuliko yote, bwana mkubwa hakulitaja!)

Tulipofika tu ikaadhiniwa adhuhuri, akaniacha pale akaenda kuswali kijijini. Nikatazama, majani makavu kila mahali, na kwenye nguzo na vichaka vitambaa vyeupe na vyekundu, vimepauka, vimefungwa ovyo. Nikasikitika. Kwetu mtu akizuru makaburi hasimami mikono nyuma kama bwana shamba, anafagia, basi nikavunja matawi nikafagia, nikafungua vile vitambaa kimoja kimoja, nikavirundika juu ya majani, nikatia kiberiti, nikajiona mtu mwema kweli kweli.

Moshi ukaleta kijiji kizima, waliotoka kuswali na waliokuwa jikoni, mbele yao Bi Mwanaidi, mama yake Salimu.

"Vitambaa vi wapi?"

"Shikamoo mama. Uchafu wote nimeuchoma," nikasema, tena natabasamu (mjinga mimi!).

Akaketi chini pale pale, mikono kichwani. "Nadhiri yangu! Nimeifunga kwa mkono wangu, mkaza mwanangu ajifungue salama! Mimba mbili zimeshatoka, hii ina miezi minane, nawe umeitia moto!"

Wanawake wengine nao wakaanza kulia, kila mmoja na nadhiri yake. Mzee mmoja akauliza nani kamleta mtu huyu, na Salimu, niliyekula naye sahani moja, akatazama vidole vya miguu yake! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka.

"Mbona hukuniambia?"

"Nani angedhani mtu mzima atachoma nadhiri za watu?"

Nikaondoka na njaa yangu, viatu mkononi. Mwezi mzima kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa moyo ulinipasuka, nikijua naletewa habari ya msiba, na msiba huo ni wangu mimi. Mpaka mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, na mama yake mzima. Nililia, sioni haya kusema. Nikatuma doti ya kanga. Bi Mwanaidi akaipokea, akachana kipande akakifunga kaburini kwa shukrani, kisha akamtuma Salimu aniambie, hicho nikiguse nione.

Sikigusi. Tongoni yenyewe sijarudi, na ugenini nikikuta tambara linaning'inia, hata liwe la kufutia vyombo, nalipitia mbali.