Mashua ya Shemeji Mlangoni pa Banda

Katika maisha yangu yote ya ufundi cherehani nimeharibu suti tatu tu, na mbili kati ya hizo kosa lilikuwa la wenye suti, walionenepa baada ya kupimwa. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani anayezungumza: mtu wa majivuno. Kule Mangobo, mtaani kwetu, watu walisema utepe wangu wa kupimia haudanganyi, nami sikuwakatalia. Kwa hiyo siku niliyoudanganya utepe wenyewe, kwa kidole gumba changu hiki hiki, niliamini hakuna aliyenishuku. Niliendelea kuamini hivyo kwa miezi mitatu.

Ulikuwa mwaka wa waasi. Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache nyuma, na mimi nilishona bendera mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu wakubwa wakabadilika, wakabadilika tena, nami nikaacha kushona bendera kwa sababu kitambaa kilikuwa kinazeeka kabla sijamaliza pindo. Kisha waasi wakaushika mji. Walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta redio, malori na mashua. Aliyekutwa na mashua aliulizwa anataka kukimbilia wapi, na anataka kumbeba nani. Mtaa wa pili kutoka kwetu walimchukua fundi wa mashine kwa sababu ya mota iliyokuwa chini ya kitanda chake. Alirudi baada ya siku tisa, na tangu hapo hakuwahi kunisalimu kwa sauti.

Ndipo alipokuja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu wa mto kutoka upande wa Yanonge. Mashua yake aliinunua kwa mwenye shamba mmoja aliyefunga virago baada ya uhuru: mashua ya mbao, ya kijani, pamoja na trela lake la chuma la magurudumu mawili. Kila alichokuwa nacho duniani kilitoka kwenye mashua ile. Alibeba samaki wakavu na ndizi kutoka Yangambi mpaka mjini, akarudi na chumvi na sabuni, na watoto wake wakala. Mtu mwingine angeweza kupoteza mashua akabaki na shamba au duka. Yeye angebaki na nyavu mbili na suruali niliyomshonea.

Nilirudi kutoka kibandani kwangu sokoni karibu saa nne asubuhi, nikakuta trela tayari limesimama mlangoni pa banda letu la mpunga. Mashua ilikuwa imefunikwa makuti na kuni mpaka ikaonekana kama mzigo wa kawaida tu. Wanaume wawili waliomsaidia kusukuma walikuwa wamekwisha kuondoka. Yeye alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, kafi lake refu likiwa magotini, anapiga gumzo na dada yake.

Banda lile alilijenga marehemu baba. Sisi watu wa misafara ya zamani iliyotoka pwani tumelima mpunga hapa tangu enzi za babu zetu, na miaka mizuri banda lilijaa mpaka kwenye mabati. Mwaka ule njia ya kwenda mashambani, upande wa Masako, haikupitika. Ndani kulikuwa na mikeka miwili na panya. Mtaa mzima ulijua, kwa hiyo sikuweza kusema limejaa.

"Shemeji," akasema baada ya salamu, "hangar yako iko bule, haina kitu. Chukua mètre yako, tuone kama mashua itaingia."

Hakusema nifichie. Hakutaja waasi hata kidogo. Alitaka vipimo, basi, kama mtu aliyeleta kabati.

Nilichukua utepe shingoni. Nilikuwa na watoto sita, na wawili wao walikwisha kupanda ndani ya mashua, wanapiga kelele wanafika Léopoldville. Nikapima urefu kwanza, nikiomba moyoni iwe ndefu mno. Iliingia, na hatua nzima ikabaki nyuma. Nikapima upana kati ya nguzo na nguzo. Iliingia, na mtu angeweza kupita pembeni bila kukunja bega. Ikabaki kimo tu: pua ya mashua, iliyoinuka juu ya trela, na boriti ya mlangoni.

Utepe wa fundi cherehani ni sentimita mia moja na hamsini. Mwanadamu hahitaji zaidi. Ukipima kitu kirefu kuliko hapo, unabana mwisho wa utepe kwa kidole gumba, unauhamishia juu, unaendelea. Nilipima boriti kwa haki. Nilipofika kwenye pua ya mashua nikabana, nikahamisha, na katika kuhamisha kidole kikateleza chini. Hapana, hakikuteleza. Nilikitelezesha. Nikasoma namba kwa sauti kubwa, ile sauti ninayotumia kwa wateja wenye haraka.

"Inazidi boriti," nikasema. "Vidole viwili. Haiingii."

Mke wangu aliitazama mashua, akalitazama banda. Yeye amezaliwa mtoni, si mtu wa kufundishwa mashua.

"Bon, mutoe upepo kwa pneus ya trela," akasema. "Itashuka. Ao tuchimbe chini kidogo, udongo iko laini."

Alikuwa amesema kweli kabisa, hata mjinga angeliona hilo. Kabla sijafungua mdomo, kaka yake akainuka kutoka kwenye kinu.

"Hapana, mudogo yangu," akasema. "Fundi alisha kupima."

Akawaita watoto wangu washuke, mmoja mmoja, akiwashika kwapa. Akatukubalia chakula: mke wangu alikuwa ametengeneza lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa kufungwa majanini. Alikula vizuri. Alinitania kwamba kanzu yangu imeanza kunibana tumboni na kwamba fundi hajipimi. Nilicheka kupita kiasi. Jioni haijafika, wale wanaume wawili wakarudi, wakalisukuma trela kuteremka mtoni, kuni zikiwa bado juu.

Siku zilizofuata nilijitetea peke yangu, kwa sababu hakuna aliyenishtaki. Nilijiambia nina watoto sita, na kila mtu mwenye akili angefanya hivyo. Bado nafikiri hivyo siku nyingine. Lakini nilianza kuona aibu mbele ya utepe wangu, jambo la kijinga, na nilipowapima wateja nilirudia mara mbili. Mke wangu alipokwenda bandani kutafuta kuku alipita chini ya boriti ile ameinamisha kichwa, ingawa hakuwa mrefu hivyo.

Kisha zikaja ndege, na bunduki upande wa uwanja wa ndege, na mji ukageuka tena. Siku tatu hatukutoka nje. Maji yaliisha, watoto wakawa wanalamba sufuria. Sikujua tena nani anampiga nani, na kila aliyepita barabarani alikuwa na sababu ya kuingia kwenye ua wa mtu. Asubuhi ya nne mlango wa nyuma ukagongwa taratibu. Alikuwa shemeji, matope mpaka magotini, amelishika kafi lake.

"Bebeni watoto," akasema. "Mashua iko chini, kwa majani."

Mke wangu alibeba mdogo na sufuria. Mimi nilijitwisha kichwa cha cherehani. Shemeji akanitazama.

"Utashonea samaki suruali?"

Lakini alinisaidia kukibeba mpaka mtoni.

Mota ya mashua alikuwa ameizika mahali, hakusema wapi. Tulishuka na maji kwa kafi, tukinyemelea kingo, mpaka tukafika kisiwa kimoja ambako wavuvi wa kwao hupiga kambi. Yeye alisimama nyuma akipiga kafi, mimi nilikaa miguuni pake na cherehani mapajani, kafi la pili limelala kando yangu bila mtu. Kila lilipoinuka kutoka majini kafi lake lilipita mbele ya macho yangu, na kila lilipopita niliona alama mbili zilizokatwa kwa kisu kwenye mpini, moja juu ya nyingine, karibu karibu. Fundi hawezi kuona alama mbili asipime nafasi iliyo kati yake. Nikapima kwa macho mpaka tukafika.

Kisiwani walitupa maji na samaki. Watoto walikula wakalala palepale mchangani, mdogo kichwa chake kikiwa pajani pangu. Kafi lake lilikuwa limeegemezwa kwenye kibanda cha wavuvi. Nikamuuliza shemeji alama zile ni za nini.

"Ya juu iko boriti yako," akasema. "Ya chini iko pua ya mashua. Nilikata ile asubuhi, wakati ulikuwa bado kwa soko."

Sikuelewa upesi. Au nilielewa na sikutaka.

"Ulijua inaingia?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinipimisha?"

Alikuwa anatafuna. Alimeza kwanza.

"Mutu anaweza kuuliza shemeji yake kama atakubali kufa sababu ya mashua? Haiulizwe. Njo maana niliuliza kama itaingia."

"Na mimi nikasema haiingii."

"Ee. Ulinijibu," akasema, akanisogezea kipande cha samaki.

Nilitamani anitukane. Ningelijua la kufanya na matusi. Mtu huyu aliniachia mlango wazi wa kukataa bila kuaibika, nikapita mle nikidhani nimeuvunja mwenyewe kwa ujanja. Halafu akaisukuma mashua yake mtoni, akaificha majanini miezi mitatu, akairudisha kwa ajili yetu. Nilinyoosha mkono nikaweka vidole kati ya zile alama mbili. Viliingia vinne.

Shemeji akafuta mikono kwenye suruali yake, akasimama.

"Majirani yako wanabaki kule," akasema. "Nitarudi kuwabeba, lakini mukono yangu imechoka. Nataka mutu wa pili. Utakuja?"

Safari hii aliuliza waziwazi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama. Nilimwinua mdogo kutoka pajani, nikampa mama yake, nikauvua utepe shingoni nikaukabidhi pamoja na mtoto, nikalichukua lile kafi la pili.