Udi wa Khaloo

Kazi yangu ni kuwatembeza watu Maskati. Meli kubwa za watalii zikitia nanga Matrah, mie nipo pale bandarini na mwavuli wangu wa njano, nimevaa abaya na raba, nawasubiri wazee wa Kijerumani na Kitaliana washuke na kofia zao. Nawapenda, wallahi. Wanauliza maswali kama watoto: milima hii mbona haina mti hata mmoja? Sultani yumo ndani ya kasri sasa hivi? Najibu, nacheka, tunakwenda mbele. Jioni miguu huwaka moto, lakini mji wenyewe sijauchoka.

Basi khaloo, dada yake mama, alipokuja kututembelea kutoka Unguja, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kila mtu nyumbani alinitazama mie.

"Mtembeze," mama aliniambia jikoni, sauti chini, huku akikoroga mchuzi. "Mtembeze vizuri aupende mji. Nnataka abaki."

"Si umwambie mwenyewe abaki?"

"Wee! Dada yangu mkubwa yule, nitaanzia wapi? Ataona namhurumia. Akiupenda mji atasema mwenyewe."

Mama ndivyo alivyo. Ana ulimi wa kumkemea fundi bomba mpaka aombe radhi, lakini la moyoni halimtoki. Na hili lilikuwa la moyoni hasa. Khaloo amefiwa na mume, watoto wake wametawanyika, nyumba nzima kule Unguja anakaa yeye na paka. Mama naye ni mjane, na sisi tuliobaki naye nyumbani Sib tunashinda makazini, yeye anashinda akibishana na televisheni. Waliachana wangali wasichana: mmoja aliolewa akaletwa Oman, mwengine akabaki kumtunza mama yao. Tangu hapo udugu wao wote umepita kwenye simu. Na tiketi ya khaloo ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa ya wiki ile ile.

Kila jioni, baada ya sala ya Magharibi, mama alikuwa akiingia chumbani kwa khaloo na chetezo cha udi kinafuka moshi. Anafukiza mto, shuka, kanga, mpaka nywele za dada yake, huku wakigombana nani kati yao aliyevunja birika la bibi yangu. Nilikuwa nawasikia kutoka ukumbini, nacheka peke yangu.

Siku yangu ya mapumziko nikampakia khaloo garini, tukaanza Matrah. Sokoni alipita kwenye mapambo ya fedha na majambia hata hakugeuza shingo. Alisimama kwenye gunia la karafuu, akachota, akanusa.

"Hizi karafuu zetu," alimwambia mwenye duka, kwa Kiswahili, kama yuko sokoni kwao Darajani.

"Zenu, mama," mzee yule akamjibu kwa Kiswahili kile kile, "lakini bei yetu."

Khaloo alicheka mpaka akashika ukuta, na mie nikajisemea moyoni, haya, tumeanza vizuri. Kumbe wapi. Maskati ya zamani, mbele ya zile ngome mbili zilizokaa juu ya majabali, nilianza hotuba yangu ya kila siku kuhusu Wareno waliozijenga. Hakuniacha nimalize.

"Hawa Wareno," alisema, "kila ninakokwenda wameshatangulia. Mombasa wamo, Unguja wamo, na hapa wamo. Kwao hakukuwa na kazi?"

Maneno hayo siku hizi nawaambia watalii, wanacheka sana, ila wa Lisboni.

"Mji wenu msafi," akaendelea. "Msafi mpaka mtu unaogopa kukohoa. Mvua je?"

"Inanyesha, khaloo. Mara moja moja."

"Masikini," alisema, akaniangalia kwa huruma ya kweli. Niliona kabisa kazi ya mama inaniharibikia mikononi.

Karata yangu ya mwisho ilikuwa Sidab, kijiji cha wavuvi. Kuna bibi mmoja pale, rafiki wa mama wa siku nyingi, Mwomani asiyejua neno la Kiswahili, na nyumba yake inatazama ufuko zinapovutwa mashua za samaki. Alitutandikia, akatuwekea matunda, halua, tende na kahawa. Khaloo na Kiarabu chake cha chuo cha Kurani, bibi na mikono yake, mie katikati natafsiri, na walielewana kuliko mie nilivyowaelewa. Walizungumza magoti, wakwe, na ujinga wa madaktari vijana. Moyo wangu ukatulia kidogo.

Kisha bibi akaleta udi.

Watu wa huku wana desturi, na wao hawaisemi, wanaifanya tu: udi ndio mwisho wa ziara. Chetezo kikishapita, mgeni anafukiza nguo zake, anaomba dua, ananyanyuka. Khaloo hakunyanyuka. Alifumba macho, akavuta moshi, akasema, "Ahaa, sasa ndiyo tumekaribishwa." Akalegeza buibui, akakunja miguu vizuri, akaomba kahawa nyengine. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena.

"Una nini jichoni?" akaniuliza kwa sauti.

Bibi, mstaarabu wa watu, akaenda kuteleka kahawa upya. Tuliondoka adhana ya Magharibi ikiita, na mie nimelowa jasho ndani ya kiyoyozi.

Garini akanigeukia. "Sasa nambie, ulikuwa ukinikonyeza kama kichaa kwa nini?"

Nikamweleza, tena kwa ile sauti yangu ya kazini. "Huku, khaloo, hakuna mwenyeji anayemwambia mgeni ondoka. Ni aibu. Wanamfukizia udi aende zake na harufu nzuri. Baada ya udi hakuna kukaa."

Nilitegemea acheke. Alisema "Alaa," akatazama dirishani. Tulipopita mtaa wa Madinat Sultan Qaboos nilimwonyesha majumba na maua ya barabarani, akasema "Eeh." Nilidhani anamwonea haya yule bibi, nikamwacha mpaka tukafika Sib.

Tulipokwisha kusali, mama akaingia chumbani na chetezo chake kama kawaida. Nikangojea ugomvi wa birika. Badala yake mama akaniita, na sauti haikuwa yake.

Khaloo alikuwa amesimama, begi wazi kitandani, anakunja kanga.

"Unakwenda wapi, dada? Tiketi yako si ya Ijumaa?"

"Nitangojea kwa watu wa Unguja, wapo hapa wengi. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie sikupewa jembe, nimepewa udi. Kila jioni unanipa udi, na mie mjinga nashukuru!"

Mama alinigeukia. Yarabi, natamani ungeniona. Nilitaka marumaru zipasuke zinimeze.

"Nani kamwambia mambo ya udi?"

"Mama, mie nilikuwa namweleza tu, kama kazini..."

"Kazini kwako!" Akaweka chetezo chini, akaketi kitandani juu ya kanga zilizokwisha kukunjwa. "Dada, udi wa sebuleni ni wa watu wa huku. Nilijifunza nilipoolewa, na mie niliaibika kama wewe. Huu wa chumbani ni wa mama. Si alikuwa akitufukizia kila jioni, tulale salama? Nimekaa umri wangu wote hapa sina wa kumfukizia. Hawa watoto wanasema moshi unawauma kichwa." Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Sitaki uende. Si Ijumaa, si siku nyengine. Haya, nimekwisha sema."

Khaloo alisimama na kanga yake mkononi.

"Mji wenyewe mvua hauna," alisema.

"Hauna, dada."

"Na yule muuza karafuu mwizi."

"Mwizi mkubwa."

Akaketi kando ya mama, akalisukuma begi kwa kiwiko mpaka likaanguka chini. Akainama, akakiangalia chetezo.

"Makaa yamezimika haya," aliniambia. "Kalete mengine, wewe mtembeza watu."