Mfuko wa Kulia wa Dada Vernell

Katika Kanisa la Baptisti la Bonde Jipya, mjini Bessemer, Alabama, hakuna anayefika kwenye benchi lake bila kukumbatiwa. Anayekumbatia wa kwanza ni Vernell Tuggle, mkuu wa wahudumu wa mlango, mwanamke wa miaka sitini na saba: gauni jeupe, viatu vyeupe, glavu nyeupe, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma ya kiuno kama desturi ya wahudumu inavyotaka. Kwa miaka kumi na moja amekumbatia watu wapatao mia na themanini kila Jumapili, akiwa na bastola ya risasi tano kwenye mfuko wa kulia. Hakuna aliyewahi kuihisi.

Bastola ya Shemasi Lamar Pettway ilijulikana Jumapili yake ya kwanza. Alikuwa ameipachika kiunoni chini ya koti la suti, upande ule ule ambao Bibi Icelene Moye, mwenye miaka tisini na moja, hupitisha mkono anapokumbatia. Bibi Icelene aliigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha akamuuliza, kwa sauti iliyoifikia kwaya, kama amekuja na nyundo kutengeneza paa.

Ilikuwa mwezi Januari. Mashemasi walikuwa wameunda kamati ya ulinzi baada ya habari za kanisa la jimbo jingine ambamo mtu aliingia na bunduki katikati ya sala. Lamar, mstaafu wa kiwanda cha mabomba, alikuwa mwenyekiti. Wanaume watano waliteuliwa kubeba silaha, na kanuni ikaandikwa: mwingine yeyote mwenye bastola aiache nyumbani. Kanuni hiyo ilisomwa Jumatano katika ukumbi wa chini, na ilipomalizika Vernell alisimama. Alisema basi jina lake liongezwe, kwa sababu yeye anayo.

Mchungaji Ezell Broadnax alimuuliza iko wapi. Vernell alisema ipo hapa, akagusa sketi yake. Lamar alimuuliza tangu lini.

“Tangu wewe hujawa shemasi.”

Lamar hakukasirika. Alicheka, na waliokuwapo wanasema afadhali angekasirika. “Dada Vernell, mama yangu, hayo tuachie sisi. Wewe shika vipepeo vyako vya kupepea waumini na bahasha za sadaka. Tutakulinda.”

“Lamar, huyo mtu akija atapita dirishani?”

“Atapita mlangoni.”

“Na mlangoni anasimama nani?”

Mchungaji, ambaye hupenda amani kuliko jibu, alimwomba aiache nyumbani mpaka mashemasi walizungumze. Vernell alikubali, kwa kuwa jengo ni la kanisa na kanuni ni kanuni. Lakini aliongeza kwamba hatasimama kwenye mlango ule mikono mitupu. Jumapili angekaa benchi la nyuma kama mgeni, na wao watafute wa kusimama.

Alikaa hapo Jumapili tatu mfululizo, koti mwilini, mkoba mapajani. Mlangoni walipangwa kwa zamu wahudumu wawili wasiojua nani hapendi kukaa karibu na nani. Ndugu wawili wasiozungumza tangu mazishi ya baba yao waliwekwa benchi moja. Watoto walizunguka kumtafuta, kwa sababu mfuko wa kushoto wa Vernell ndio wenye peremende. Hakuna mtoto aliyewahi kuujaribu wa kulia. Alikuwa amewafundisha hivyo tangu wakiwa wadogo, na walidhani ni utaratibu tu wa peremende.

Sababu ya bastola ile sasa si siri kwa wanaomfahamu, ila yeye haisimulii kwa urefu. Miaka kumi na moja iliyopita, Jumanne asubuhi, alikuwa peke yake kanisani akipanga vitabu vya nyimbo. Mwanamume asiyemjua aliingia, akapiga teke mlango wa ofisi, akaanza kuita kama kuna mtu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka msaada. Vernell aliteremka kwenye birika la ubatizo lililo nyuma ya kwaya, ambalo lilikuwa kavu, akalala chini kifudifudi. Alilala humo dakika arobaini akisikiliza nyayo. Mwanamume aliondoka mwenyewe. Polisi walifika baadaye, wakaandika. Yeye alikwenda dukani Alhamisi.

Muuzaji alimletea bastola ndogo ya rangi ya waridi, ya magazini ya risasi inayoingia kwenye mpini, akasema akina mama wanaipenda. Ili risasi iingie, sehemu ya juu ilibidi ivutwe nyuma kwa nguvu. Vernell alikuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na viganja vyake havikuweza. Muuzaji alisema atazoea. Vernell alisema mifupa haizoei, akataka ile ya silinda inayozunguka, ambayo haihitaji kuvutwa. Akaletewa nyepesi kama simu. Aliomba kuijaribu katika uwanja wa shabaha uliokuwa nyuma ya duka, akapiga mara mbili, akairudisha mkono ukiwaka moto. Alichukua ya chuma, gramu mia sita na zaidi, kwa kuwa uzito wa bastola humeza sehemu ya teke la risasi kabla halijafika mkononi. Alichagua isiyo na kichomozo cha nyundo nyuma, kwa sababu kichomozo hunasa kitambaani. Muuzaji alimwonya kwamba itamlemea. Alijibu kwamba amebeba vikubwa kuliko hivyo, na vingine vilikuwa vinaongea.

Sare ya mhudumu haikuwa na mfuko wa kufaa. Alishona mmoja kwa kitambaa kigumu cha godoro, akautundika kwenye mkanda unaovaliwa chini ya gauni badala ya kwenye gauni lenyewe, ambalo lingevutwa upande mmoja na kumsaliti; mkono huufikia kupitia mpasuo aliouacha kwenye mshono wa gauni. Ndani ya mfuko aliweka ala ya ngozi inayofunika triga na kuvunja umbo, ili bastola isijichore kwenye nguo. Humo haingii kitu kingine: si ufunguo, si leso. Kisha alibadilisha namna ya kukumbatia. Hutanguliza bega la kushoto na kurudisha nyonga ya kulia nyuma, kwa kiasi ambacho mtu huona ni madaha ya kizee.

Baada ya Jumapili ya tatu, mchungaji alitafuta njia ya katikati. Kila anayetaka kubeba angepimwa na mtu wa nje, Carlton Suggs, askari mstaafu wa mahakama ambaye si muumini wa kanisa lile. Atakayefaulu atabeba. Lamar aliunga mkono haraka, akamwambia Vernell kwa upole kwamba akishindwa hakuna aibu, ila itabidi mlango apewe mwingine moja kwa moja. Vernell alisema sawa. Alikuwa amesimama mlangoni pale miaka ishirini na tisa.

Suggs aliwapa agizo moja kwa simu: waje uwanjani wamevaa kama Jumapili. Jumamosi hiyo wanaume watano walifika na suruali za mifuko mingi, fulana na kofia. Vernell alifika na gauni jeupe, soksi ndefu na glavu. Lamar alimtania kwamba ubatizo ni wiki ijayo. Suggs aliwatazama wote, akawarudisha wanaume nyumbani kubadilisha nguo. Vernell aliwangojea kwenye kiti cha plastiki, akila peremende.

Kipimo kilikuwa chepesi kueleza. Mtu asimame kama anavyosimama kanisani. Filimbi ikilia atoe bastola na kupiga risasi tano kwenye duara la ukubwa wa sahani, hatua saba mbele. Ya kwanza itoke kabla ya sekunde tatu. Nne ziingie ndani. Kila mtu ana nafasi mbili.

Wanne kati ya wanaume walipita, wawili wao kwa shida. Lamar ana shabaha nzuri kuliko wote, hilo hakuna anayelipinga. Lakini bastola yake ilikuwa kubwa na suti yake ilikuwa ya vifungo viwili. Mara ya kwanza kifungo kilimchelewesha mpaka sekunde ya tano. Mara ya pili alitoa bastola pamoja na bitana ya koti, na mtutu ukabaki umefungwa kitambaani kama mguu uliovunjika. Suggs alimshika kifundo cha mkono taratibu, akaielekeza bastola chini.

“Shemasi, umeiteka suti.”

Ilipofika zamu ya Vernell, Suggs alimwambia avue glavu.

“Jumapili sizivui.”

“Pamba inanasa kwenye triga, mama.”

“Ilininasa miaka kumi iliyopita. Tazama.”

Alimnyooshea mkono wa kulia. Mshono wa kidole cha shahada ulikuwa umefumuliwa kwa ndani, ukashikizwa kwa uzi mmoja. Kidole kikisukuma, uzi unakatika na kinatoka uchi. Hushona uzi mpya kila Jumamosi. Wahudumu wenzake walikuwa wameiona glavu ile kwa miaka na kusema Dada Vernell ni bahili.

Filimbi ililia. Mkono wa kushoto haukutoka nyuma ya kiuno mpaka wa kulia ulipokuwa tayari juu. Ndipo ulipokuja kuusaidia. Risasi ya kwanza ilitoka kabla ya sekunde mbili. Nne ziliingia kwenye sahani. Ya tano ilitoka nje kwa upana wa kidole gumba.

“Ya tano imetoka,” Lamar alisema.

“Nimeiona.”

Suggs alimuuliza kama anataka kutumia nafasi ya pili.

“Uliomba nne,” Vernell alisema, akafungua silinda na kuanza kutoa maganda.

Orodha ilisomwa Jumatano: wanaume wanne na Vernell Tuggle. Lamar angepimwa tena Machi. Alijaribu kupendekeza kwamba Dada Vernell akae karibu na kwaya, mahali salama zaidi. Mchungaji alimtazama Vernell, kisha akasema mlango una mwenyewe.

Jumapili iliyofuata mstari ulikuwa mrefu. Bibi Icelene alikumbatiwa, na wale ndugu wawili pia, kisha wakapelekwa pande mbili tofauti za kanisa. Lamar alikuja karibu na mwisho, suti ile ile, kiuno kitupu. Alifungua mikono. Vernell alimkumbatia kama anavyokumbatia wote, bega la kushoto mbele. Mkono wa shemasi ulishuka pole pole mgongoni, ukazunguka ubavuni upande wa kulia, ukatafuta, ukarudi.

“Umepoteza kitu, Shemasi?”

“Hapana, Dada.”

Alimtilia peremende kiganjani, kutoka mfuko wa kushoto, akampa na kipepeo.

“Kaa mbele leo. Tutakulinda.”