Kidudu Kilichobaki Tumboni

Enzi za chama kimoja, sisi wa Kisangani tulichunga maneno hata tukizungumzia samaki. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, huko mtaa wa Tshopo. Mbele yangu, papa mmoja, mzee mfuga samaki, aliomba tetrasiklini.

"Ya nani?" mama muuzaji aliuliza, mkono juu ya kopo.

"Ya bwawa nzima. Nataka samaki inone."

Mwanafunzi nyuma yangu alishindwa kunyamaza. "Papa, mu tumbo ya samaki muko bidudu ya kila namna, kila moja na kazi yake. Ile dawa inauwa yote. Inabaki moja tu, ile kichwa ngumu. Donc inakula peke yake, samaki inakonda."

Macho yetu yalipanda polepole hadi kwenye picha ya Rais ukutani, yakashuka mbio.

"Nasema ya samaki!" mwanafunzi aliongeza, jasho likimtoka. "Ya samaki tu!"

Papa alikuna kidevu, akainamia kaunta. "Bon. Na dawa ya kuondoa ile moja, iko?"

Mama alirudisha kopo rafuni, akanong'ona: "Kama ingekuwa, papa, hii mustari ingefika mutoni."