Majani Niliyoyashindilia

Bado naikumbuka ile Jumamosi, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kidato cha tatu, nyumbani kwetu Gesima, na kichwa kilinivimba kwa sababu mwalimu wa biolojia alikuwa amebandika mchoro wangu wa seli ukutani.

Mama alinipa vikapu viwili vya majani chai nivipeleke kituoni wakulima wanapouzia chai, kimoja kimoja. "Usishindilie, baba. Yataungua." Lakini nilikuwa nawahi mpira. Alipogeuka nikamimina yote katika gunia moja, nikayakandamiza kwa goti, nikaliacha juani kituoni nikaenda zangu uwanjani.

Niliporudi, Mama alikuwa amefika na karani ametia mkono guniani. Majani yalikuwa mekundu, yana joto.

"Hii imeungua, Mama. Siwezi kupima. Na ni wewe tulichagua ukague ya wengine! Nani ameshindilia hivi?"

Mama alinitupia jicho mara moja. "Ni mimi."

Nami nilisimama palepale, nikanyamaza. Wiki hiyo wakulima wakachagua mkaguzi mwingine. Mama hakunigombeza, ila hakunituma tena. Alibeba vikapu mwenyewe mpaka mgongo ukapinda.

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa kwenye mchoro wangu. Ndani ya seli ya jani mna kifuko chenye utando mwembamba, unaotenga maji makali ya chai na vimeng'enya vinavyoyabadilisha rangi. Niliuchora kama ukuta uliokwisha kujengwa. Kumbe seli haipumziki: hutengeneza mafuta na protini mpya, huziba palipochakaa, huukunja utando, huumega kuwa vifuko vidogo na kuviunganisha tena. Ukilishindilia jani likapata joto, kazi hiyo hukatika, utando hupasuka, na vilivyotengwa huchanganyika. Nimeyafundisha hayo miaka mingi, na kila mara naliona goti langu.

Basi nakuambia waziwazi, mwanangu. Kitu kikikaa sawa nyumbani kwenu, kuna mtu anayekishughulikia kila siku. Msaidie kabla hajachoka. Na ukikosea, sema "ni mimi" papo hapo, mbele ya hao hao wanaomlaumu mwingine. Mimi nilimwambia Mama baada ya miaka, tukiwa wawili tu jikoni. Alinisamehe. Lakini watu wa kituoni hawakusikia, na wengi wamekufa wakiamini ni yeye.

Mungu akupe ulimi mwepesi siku utakapokosea, na awape umri wale wanaopaswa kukusikia.