Mrina Asali wa Mabamba Atoa Damu

Yatangazwa kwa wananchi wote kwamba, kwa kuwa jamii haina njia ya kumtambua mtoto mwenye usonji kabla hajatimiza miaka mitatu, wataalamu watafika Kasulu kuchukua damu za watoto, ili kutafuta ndani yake viashiria vitakavyowezesha utambuzi wa mapema. Ndivyo lilivyosema tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, huku Mabamba, kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na orodha ya wasio na vyoo. Lilikuwa na mhuri, na huku kitu chenye mhuri husomwa kwa kuvua kofia.

Tharsisi Nduwayezu alivua kofia, akalisoma mara mbili. Alikuwa mrina asali wa miaka hamsini na mitano. Mwaka sabini na mbili alivushwa mpaka wa nchi, mkimbizi mchanga mgongoni mwa mama yake. Siku hizi ni raia kwa cheti, nacho anakitunza ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati ambako watoto hawafiki.

Kijijini alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, nyuki hawakuwa na ugomvi naye. La pili, wakati wenzake wote walikuwa wakitoka kwenye nyasi kwenda kwenye bati, yeye aling'oa mabati manne juu ya chumba kimoja cha nyumba yake, akaezeka nyasi, na mabati akayapeleka kwenye banda la mbuzi.

"Mbuzi wa Tharsisi wana maendeleo kuliko wajukuu wake," watu walisema, na bado wanasema.

Mtendaji wa kijiji alikwenda na daftari kuuliza sababu. Tharsisi alimjibu kwamba chumba kile kina joto. Mabamba haijawahi kuwa na joto la kumng'olesha mtu bati, lakini jibu liliandikwa kama lilivyotolewa.

Aliyelala chumba kile ni mjukuu wake, Mpawenimana, ambaye wote walimwita Mpawe. Alikuwa na miaka sita na maneno manne, na katika hayo manne hakuna lililokuwa salamu. Hapo ndipo palikuwa na shida. Kwa Waha na kwa Warundi salamu ni shughuli, ina makofi, ina kushikana mikono, ina kuulizana habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja mpaka ng'ombe. Mtoto asiyesalimia ni kesi, na mshtakiwa ni mama yake.

Mama yake aliitwa Nadine, ameolewa kutoka Munanila. Mumewe, Felisiani, mwana wa Tharsisi, alikuwa na maoni yake juu ya jambo hili ila aliyatunza vizuri kuliko cheti cha baba yake. Aliyesema kwa niaba ya wote ni Esteri, mke wa Tharsisi.

"Ukoo wetu tunasalimia mpaka miti," alisema Esteri. "Huyu katoa wapi?"

Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa, Esteri alilielewa kuliko walioliandika.

"Serikali imeona. Damu ikipimwa itasema imetoka upande gani. Ikisema Munanila, basi, Nadine atarudi kwao Munanila na damu yake."

"Na mtoto?" Tharsisi aliuliza.

"Mtoto ni wetu. Atabaki."

Kaka zake Esteri wakaitwa kwa Jumapili baada ya safari ya Kasulu, waje kusikiliza damu imesema nini. Nadine aliendelea kumenya mihogo. Mihogo ya siku ile ilimenywa mpaka ikabaki myembamba.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Mpawe hakupenda kushikwa mkono na mtu yeyote, sembuse kuchomwa sindano na mgeni. Tharsisi akakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila jioni kabla ya ugali aliketi mlangoni mwa chumba cha nyasi, akajifunga ukanda juu ya kiwiko chake, akajibonyeza kwa kijiti cha ulezi, akaufungua. Siku tano hakumgusa mtoto kabisa. Siku ya sita Mpawe aliuchukua ukanda, akaunusa. Siku ya tisa aliunyoosha mkono wake mwenyewe, akitazama pembeni.

"Unamfundisha kuonewa," Esteri alisema akipita na ungo.

"Nyuki hawafundishwi," alijibu Tharsisi. "Wanazoeshwa. Anayefundishwa ni mrina."

Tharsisi, Nadine na Mpawe walifika Kasulu siku moja kabla, wakalala kwa mtu wa kanisani, asubuhi wakawa kituoni. Mtaalamu wa damu alikuwa Khatibu, kijana wa Tanga, koti jeupe, na manukato yaliyomtangulia mlangoni. Alianza na fomu. Alipokuwa akiuliza jina la mtoto, mvua ikapiga bati la kituo. Mpawe aliingia chini ya meza, mikono masikioni, akatoa sauti moja ndefu. Tharsisi alivua koti akamfunika, akakaa naye sakafuni mpaka mvua ilipopita. Khatibu alingoja, kisha akaendelea na swali lililofuata.

"Dalili zilianza kuonekana lini?"

"Nesi aliniambia akiwa na miaka minne," Nadine alisema.

"Mzee, wewe je?"

"Mimi si mtu wa tarehe," alisema Tharsisi kutoka chini ya meza.

Khatibu akaandika: miaka minne. Halafu Nadine akauliza swali lililomtoa Mabamba, akilisema kwa sauti ya kununua chumvi.

"Daktari, itasema imetoka upande gani?"

"Nini?"

"Damu. Itasema ni ya kwangu au ya baba yake?"

Khatibu aliweka kalamu chini. "Dada, sikiliza. Damu hii haina kesi. Tunakusanya za watoto wengi, tunalinganisha, miaka itapita, na huenda tusipate kitu. Jibu la mtoto mmoja mmoja halitolewi, hata mimi sitaliona. Na huyu hakufanywa hivi na mtu. Si wewe, si baba yake. Akikataa sindano, tunaacha, mnakwenda zenu."

Nadine aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa habari njema, na haikuwa na mhuri. Esteri hangeipokea.

Tharsisi akatoka chini ya meza, akapiga makofi mawili mepesi ya heshima.

"Mwanangu, usichukie. Kwenye mzinga hatuingii na manukato."

"Mimi nanukia, mzee?"

"Hata Kibondo wamekusikia."

Khatibu akacheka, akaenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavua na koti. Aliporudi, Mpawe alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kuzungushia damu, ameweka sikio kwenye kifuniko chake. Ilikuwa imezimwa.

"Inalia?" Tharsisi aliuliza.

"Ikizunguka, inavuma."

"Kama mzinga?"

Khatibu alifikiri. "Naam. Kama mzinga."

"Basi iwashe."

"Lazima iwe na damu, mzee. Siichezeshi bure."

Tharsisi akakunja shati, akajifunga ukanda wake wa baiskeli, akanyoosha mkono. Utaratibu haukuwa na babu ndani yake. Khatibu alimtazama mtoto, akautazama mlango, akatoa damu ya babu bomba moja, bila jina wala namba. Upande wa pili wa mashine akaweka bomba la maji, maana mashine ile ikibeba upande mmoja hutetemeka. Akaiwasha. Ikavuma.

Mpawe alifumba macho, sikio kwenye kifuniko, akavuma nayo. Mkono wa kushoto akaunyoosha pembeni, kama alivyokuwa akiunyoosha jioni mlangoni. Tharsisi alimfunga ukanda uleule. Sindano iliingia na kutoka, na Mpawe hakufungua macho. Nadine ndiye aliyelia, kidogo, kwenye upindo wa kanga.

Baadaye Khatibu alimtoa damu Nadine pia, kwa namba, kama utaratibu ulivyotaka kwa kila mama. Bomba la Tharsisi alilitupa kwenye ndoo ya taka za hospitali.

Jumapili kaka zake Esteri walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mkeka.

"Haya," alisema Esteri. "Damu imesemaje?"

"Majibu hawatoi," alisema Tharsisi. "Nitasema nilichoona. Mtaalamu alianza na mimi."

"Na wewe? Kwa nini wewe?"

"Mimi si mtu wa maabara. Nilinyoosha mkono, akachukua. Kabla ya mtoto, kabla ya mama yake. Akaiweka kwenye mashine peke yake, ikazunguka. Mtoto alipoisikia, akatulia."

Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo. Kaka zake Esteri walitazamana.

"Kwa hiyo ni upande wetu?" mmoja aliuliza taratibu.

"Sijui. Ila kama kuna mtu wa kurudishwa kwao kwa ajili ya damu, nianze mimi. Nimeshakunja nguo."

"Kwenu wapi, mzee mzima?" Esteri aliuliza. "Umetoka huko unanyonya."

"Nitaulizia njia."

"Ukifika utawaambia umefukuzwa kwa kosa gani?"

"Nitasema mke wangu anasalimia miti."

Kaka mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Esteri hakucheka. Alimtazama mumewe kwa muda, akayatazama yale mabati kwenye banda la mbuzi, kisha akageuka kwenye mkeka.

"Nadine mwanangu, ugali unapoa. Mpelekee mtoto wako."

Fomu ya Mpawe iko Kasulu pamoja na nyingine, na panapouliza dalili zilionekana lini pameandikwa miaka minne. Daftari la nyumba la mtendaji liko Mabamba. Humo imeandikwa kwamba nyumba ya Tharsisi Nduwayezu imerudi nyuma, chumba kimoja, bati kwenda nyasi, sababu joto. Tarehe ni ya Novemba, wiki mvua za kwanza zilipoanza kupiga mabati. Wakati huo Mpawe alikuwa na miezi kumi na minne.